Mashine Iliyosikia Chuma Kikitembea

Nilikwenda Kolwezi kwa sababu ya kopo la sardini. Nasema hili wazi tangu mwanzo ili ninyi mliobaki Lubudi muache kueneza kwamba nilifuata madini ya kobalti.

Mnaonifahamu mnajua kazi yangu ni cherehani, na mnajua pia ugonjwa wangu. Siku nisizoshona navaa viatu vya mpira na kwenda kando ya reli kutafuta sarafu za zamani. Pale mama zetu walipowauzia abiria mihogo na karanga kupitia madirisha ya treni, sarafu nyingi zilidondokea kwenye kokoto, na treni ikishaanza kuondoka nani ana muda wa kuinama? Nimeokota zenye tundu katikati, nimeokota za tembo, nimeokota za mchikichi. Siziuzi. Naziosha, nazipanga kwenye kitambaa, nafurahi. Mume wangu, Baba Shabani, husema kama yeye ningempangusa hivyo, naye angeng'aa.

Mashine yangu ya kutafutia vyuma ardhini, detekta, ilikuwa ya kuanzia, ile wanayopewa wasiojua kitu. Sauti yake ni moja tu. Msumari, tii. Sarafu, tii. Kizibo cha bia, tii. Siku moja ilinililia kwenye kokoto ngumu, nikachimba mpaka magoti yakagoma, nikatoa kopo la sardini lililoliwa na kutu. Nilikaa chini nikaliangalia. Hasira iliyonipanda pale ndiyo iliyonipandisha lori la kwenda kutafuta mashine ya maana.

Asubuhi ya kuondoka niliifunga mashine kwa kitenge, nikaibana katikati ya magoti ndani ya lori la mahindi. Dereva alikuwa mtu wa heshima, ila macho yake hayakutulia.

"Mama, ile kitu ni nini?"

"Muguu ya cherehani."

"Cherehani iko na masikio?" aliuliza, maana vile visikizi vya kuvaa kichwani vilikuwa vimechungulia nje ya kitenge.

Nikajifanya nimelala. Kwetu ukisema unatafuta sarafu, mtu anasikia dhahabu. Ukisema dhahabu, kila mtu anataka kujua umeificha wapi. Bora ulale.

Njiani, mwanzoni, yalikuwa mashamba yetu yaleyale, na baiskeli zilizobeba makaa mpaka mwenye baiskeli haonekani. Baadaye malori makubwa yaliyofunikwa turubai yakaanza kutupita moja baada ya jingine, kila moja likitumwagia vumbi lake. Tulipokaribia machimbo ya Mutoshi dereva aliniambia nipandishe kioo. Nilikataa, nilitaka kuona. Nikaona ardhi yote imepekuliwa kama kabati la mtu aliyepoteza ufunguo, na juu ya vifusi vijana wengi, migongo imepauka, wanapandisha magunia. Mimi nilizoea kuona mtu mmoja akichimba, tena mtu mwenyewe ni mimi. Mdomo ulinifunguka, ukajaa vumbi, ndipo nikapandisha kioo.

Kolwezi tuliingia mchana. Mdogo wangu Mwamini alinikimbilia mlangoni.

"Yaya! Karibu, karibu! Lakini umekonda hivi, kule Lubudi bukari iliisha?"

Mwamini ndiye kitinda mimba wetu, ameolewa huko miaka mingi. Ana nyumba ya matofali yenye chumba chake, chumba cha watoto na sebule, na sakafu ya saruji nyembamba iliyopakwa moja kwa moja juu ya udongo. Watoto watatu, mkubwa anaitwa Riziki. Nyumba safi, mapazia meupe hata na vumbi lile. Nilipochungulia ua wa jirani, niliona turubai la bluu mahali ambapo sisi tungejenga banda la kuku. Chini ya turubai, shimo la kuchimbia kobalti. Ua wa pili, turubai jingine.

"Na kule ng'ambo?" niliuliza.

"Kule shimo iko mu salon."

Nilidhani ananitania. Akanishika mkono, tukaenda kumsalimia mwenye nyumba. Ndugu zangu, niliona kwa macho yangu. Viti vimesogezwa ukutani, televisheni inaongea, watoto wanaangalia katuni, na katikati ya sebule mdomo wa shimo una kamba inayoshuka gizani. Mama yule alituambia karibuni, angalieni fasi ya kukanyaga, kwa sauti ileile ambayo mimi ningemwambia mgeni aangalie mbwa. Nilisalimia huku nimegusa ukuta. Maji aliyonipa sikuyamaliza.

Katika mtaa wao nyumba ya Mwamini peke yake haikuwa na shimo. Mume wake, Baba Riziki, aliwahi kutaka kuufungua udongo wao. Mwamini alimjibu, "Siku utafungua bulongo ya nyumba yangu, ndio siku utaoa mwingine." Shemeji akakubali. Akajiunga na kikundi kinachochimba kwa jirani, kwa sharti alilolitamka mbele za watu: njia ya chini ifuate upande wa barabara, isielekee kwake. Kiongozi wa kikundi alikubali. Huyo wanamwita PDG, kama mkubwa wa kampuni, ingawa suruali yake ina viraka kuliko za wote. Kwa hiyo kila asubuhi shemeji anavuka ua, anashuka kwa jirani, na Mwamini analala usingizi.

Wakati wa kula, tukimega ugali wa bukari kwa sombe ya majani ya mihogo, Baba Riziki alinisimulia kazi ya chini. Kinachochekesha, alisema, ni kwamba huko pia wanabisha hodi. Vikundi viwili vikikaribiana, kila kimoja kinasikia mwenzake ndani ya udongo.

"Unapiga chuma mara tatu," alisema. "Wenye kusikia banajibu tatu. Kisha wote banasimama, hakuna wa kuchimba tena. Bakubwa banapanda juu, banaonana, banapatana nani atapita wapi."

"Na kama hawakujibu?"

"Kujibu ni lazima, yaya. Mutu hakatae hodi kule chini."

Nilicheka. Nilipenda wazo hilo la watu kubishiana hodi chini ya ardhi, kwa adabu, kama majirani.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda sokoni kwa Tata Musa, mzee ambaye asili yake ni Maniema kama babu zetu, na ambaye huuza redio, betri na mashine zilizokwisha kutumiwa. Wanaotafuta vyuma chakavu ndio wateja wake. Alinitolea detekta nzuri mpaka nikaona aibu ya ile yangu. Ina kioo kinachoonyesha namba, ina sauti nzito kwa chuma na nyembamba kwa shaba na fedha, na sahani yake ya chini ni pana kama sinia. Nikaipitisha juu ya udongo wa pale nje, ikapiga makelele kama soko zima.

"Bulongo ya huku iko na mambo mingi," alisema Tata Musa. "Inua, shusha, inua, shusha. Ifundishe kwanza ile bulongo, itanyamaza."

Nikafanya hivyo, na kweli ikanyamaza. Akatupa sarafu moja na msumari mmoja, na mashine ikatofautisha kama mama anavyotofautisha kilio cha njaa na cha deko. Moyo wangu uliruka. Tukapatana bei, nikaondoka naibembeleza.

Alasiri nilitaka kuijaribu, lakini si nje. Kolwezi ukionekana na mashine unapima ua wa mtu, kabla hujageuka watu wamekwisha jaa na wanagombea udongo. Kwa hiyo tulifunga mlango. Mwamini alikuwa jikoni, watoto shuleni. Nilificha sarafu yangu ya tembo chini ya mkeka chumbani kwa watoto, nikaipata. Nikaificha chumbani kwa Mwamini, ambako kitanda ni cha mbao, nikaanza kuitafuta. Sauti nzito ikanijia. Chuma. Kikubwa, tena kirefu, hakikuwa mbali. Nikaweka alama kwa kandambili, nikaita, "Mwamini, chini ya kitanda chenu mmefukia nini?"

"Kitu hakuna!"

Nilirudisha sahani kwenye kandambili. Kimya. Nikasogea kidogo kuelekea ukuta wa chumba cha watoto, sauti ikarudi. Nikasimama palepale nikipitisha sahani, na sauti ikafifia yenyewe, ikaenda, kisha nikaikuta hatua moja mbele. Nikainama nikaangalia saruji. Haikuwa na kitu.

Sarafu haitembei. Msumari hautembei. Mimi nilikasirika kweli kweli. Nikavaa viatu, nikakodi pikipiki, nikarudi kwa Tata Musa nikiwa nimeishika mashine shingoni kama mwizi wa kuku.

"Tata Musa, umeniuzia mashine mwongo."

Aliisikiliza hadithi yangu yote bila kunikatiza. Akachukua kijiko, akakificha, mashine ikakiona. Akakihamisha, ikakiona tena. Akaizima.

"Mama Zaituni, masini haina kichwa ya kudanganya. Kama ilisema chuma inatembea, chuma inatembea."

"Chini ya kitanda cha mdogo wangu?"

Alianza kufunga duka, na saa za kufunga zilikuwa bado. Nilimwona kama mtu anayekwepa mteja. Nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa kwa sababu wakwe zangu watasoma.

Niliporudi nyumbani nilimsimulia Mwamini huku nikicheka kwa hasira, kwamba nimeuziwa kichaa. Yeye hakucheka. Alikuwa anatwanga sombe. Aliacha.

"Yaya, ilitembea inaelekea wapi?"

"Kutoka chini ya kitanda chenu, kuelekea kwa watoto."

Mwamini kabla ya kuolewa aliosha mawe ya shaba kule Mutoshi, na aliwapelekea chakula wachimbaji miaka mingi. Aliinuka na mchi mkononi, majani ya sombe bado yamegandia. Akaingia chumbani, nikamfuata. Akasukuma mkeka kwa mguu. Akainua mchi na kuupiga sakafuni. Mara tatu.

Tukasubiri. Nilisikia kuku wa mtu, nikasikia lori likipita mbali.

Kisha zikaja. Tatu. Sikuzisikia kwa masikio kwanza, nilizisikia kwa nyayo.

Sijui niwaelezeeje. Mimi nimezika wazazi, nimeona mambo ya nchi hii, lakini mwili wangu haujawahi kunitoka namna ile. Nilijikuta nimepanda kitandani na viatu vyangu. Mwamini alibaki amesimama, mchi umeshikwa kwa mikono miwili, na midomo yake imekuwa na rangi ya majivu.

"Bako hapa," alisema polepole. "Bako chini ya batoto yangu."

Hatukupata muda wa kuamua la kufanya. Baada ya kitambo kidogo tulisikia watu wanakuja uani wakibishana kwa sauti. Alikuwa Baba Riziki na PDG nyuma yake, wote wekundu wa vumbi, na taa ya kichwani ya shemeji inawaka mchana kweupe. Walikuwa wametoka barabarani kutafuta shimo la kikundi kingine wasilione.

"Mwamini, kuko bantu bengine banachimba karibu na hapa?" aliuliza kutoka mlangoni. "Kuko benye balitupigia hodi. Balabala yote tuliangalia, shimo yabo hatuione."

Mwamini alitoka chumbani na mchi.

"Ni mi nilipiga."

Shemeji alicheka. Alicheka kabisa, meno meupe kwenye ule uso mwekundu. "Weye? Ulipigia wapi?"

"Mu chumba yetu. Pale unalalaka."

Kicheko kilibaki usoni mwake muda mrefu kuliko kilivyotakiwa, kama taa ya kichwani aliyosahau kuizima. Halafu akaanza kukataa. Haiwezekani. Wako chini ya barabara. Walifuata mshipa wa mawe, na mshipa ulikwenda moja kwa moja, yeye mwenyewe alikuwa mbele siku zote. PDG naye akatikisa kichwa, akasema sauti chini ya ardhi inazunguka, inaweza kutoka popote.

"Bon, sawa," alisema Mwamini. "Rudi chini na chuma yako. Yaya atakufuata na masini hapa juu. Tutaona."

Nilitaka kumzuia asishuke. Nilimwambia shemeji acha, inatosha. Alikwisha geuka. Mtu akiambiwa jambo la namna ile hawezi kukaa bila kwenda kuliona.

Tulirudi chumbani, tukasukuma kitanda. Mwamini alileta bakuli la unga wa mahindi. Nikavaa visikizi, nikaisawazisha mashine. Kimya. Kimya. Kisha ile sauti nzito ikaanza chini ya ukuta wa upande wa jirani.

"Hapa," nilisema.

Mwamini akadondosha unga kidogo.

"Hapa. Na hapa."

Hivyo tukaenda naye, yeye chini na sisi juu. Mstari mweupe ulitoka ukutani, ukapita mahali palipokuwa kitanda cha mdogo wangu na mumewe, ukapinda, ukaingia mlango wa watoto. Njia ilikuwa inapanda kuufuata mshipa, maana kadiri tulivyokwenda sauti ilizidi kukaza, mpaka mwishoni ilikuwa inaniumiza masikio nikavivua visikizi. Iliishia kwenye mkeka wa Riziki, upande wa kichwa. Pale tulisikia mtaimbo wenyewe, bila mashine yoyote, ukigusa chini ya saruji, taratibu, kama mtu anayebisha asiwaamshe waliolala.

Mwamini alipiga kelele. Alijitupa kifudifudi, akaweka mdomo kwenye saruji, "Baba Riziki, toka! Toka mule! Acha kugusa!"

Alitoka, akaja. Alivua viatu mlangoni. Aliingia akatembea ukutani, pembeni ya unga, hakuukanyaga hata kidogo. Alifika kwenye mkeka akachuchumaa. Pale palikuwa na daftari la mtoto na sandali moja ndogo.

"Jana nilipiga hapa na nguvu," alisema. "Nilipiga sana. Nilisema kesho tutafika ku mawe mazuri."

Akalia. Sijawahi kumwona mwanaume wa makamo yake akilia bila kuficha uso. Nami nililia, sioni haya kuandika. Mtu alikubali kunyimwa kufungua sakafu yake kwa heshima ya mke wake, akapitia kwa jirani, akatia sharti mbele za watu, kisha gizani mshipa ukapinda kidogo kidogo mpaka ukamrudisha kwake, na alikuwa mbele siku zote.

PDG alisimama mlangoni. Alisema yale niliyotegemea angesema, kwamba mshipa ndiyo kwanza umenona, kwamba kikundi kitatafuta njia ya kumlipa Mwamini nyumba yake.

Mwamini hakupandisha sauti. "Vua viatu, tata. Ingia. Lala pale pa Riziki, tutengeneze bei."

Hakulala, bila shaka. Lakini aliingia. Aliufuata ule mstari kwa macho, kutoka ukuta mpaka mkeka, akarudi nao tena. Halafu akaniuliza mimi, kwa sauti nyingine kabisa, "Mama, ile masini unaweza kuileta kwangu? Mama yangu analala avenue ya nyuma. Kule kuko équipe mbili za wachimbaji, na mi sijue bamefika wapi."

Tangu jioni ile hadi siku ya kuondoka, wachimbaji walijaza njia yao kwa magunia ya udongo uleule walioutoa. Gunia la kwanza alilibeba Baba Riziki, na mengine mengi pia. Mwamini na watoto walilala jikoni, ambako mashine haikusikia kitu. Unga ule hakuufagia mpaka gunia la mwisho lilipoingia.

Mimi nilizungushwa mtaa mzima. Kwa mama wa PDG, nashukuru, palikuwa kimya. Nyumba ya tatu baada ya hapo hapakuwa kimya. Sitaisimulia, ila mjue hao nao sasa wanalala kwa ndugu zao. Tata Musa nilikwenda kumwomba radhi, nikamkuta nyumbani kwake amesogeza kitanda, amepiga magoti, sikio lipo sakafuni.

Siku ya kurudi niliifunga mashine kwa kitenge. Ile ya zamani, ya tii. Ile mpya ilibaki kwa Mwamini, maana kila asubuhi kulikuwa na mwanamke mlangoni akiuliza kama masini imelala au imeamka. Dereva alikuwa yuleyule. Alitazama kitenge changu, akatabasamu, safari hii hakuuliza.

Kolwezi sikuokota sarafu hata moja. Nilichojifunza ni kidogo, na si kizuri. Nilijua kutafuta vilivyodondoshwa na watu waliokufa zamani. Sikuwahi kufikiri kwamba chini yangu kunaweza kuwa na mtu aliye hai, anayenipenda, anayefanya kazi kwa bidii kuniangusha bila kujua.

Lubudi nilifika mchana. Baba Shabani alinipokea mzigo, akacheka kuona nimerudi na mashine ileile. Alikwenda kunichemshia maji ya kuoga. Nilipobaki peke yangu nilichukua mchi jikoni, nikaingia chumbani kwetu, nikasogeza mkeka, nikapiga sakafu mara tatu. Najua kwetu hakuna mtu anayechimba zaidi ya karanga. Hata hivyo nilivua viatu, nikasimama pekupeku, nikasubiri.

Baba Shabani alinikuta hivyo, birika mkononi.

"Zaituni, unambishia hodi nani?"

"Nyamaza kwanza," nilimwambia. "Vua viatu."